Feza ya Athene ilitoka katika shimo gani?

Tuanze na neno moja. Sisi tunasema feza, na kwa neno lile tunataja vitu viwili: ile madini nyeupe, na tena franga za kununua chumvi na sabuni. Wafaransa wanasema argent, ni vilevile. Wagriki wa zamani walisema argyrion, vilevile tena. Niliposoma Kigriki kidogo kwenye shule ya Biblia, mwalimu aliandika neno lile ubaoni, akasema tulishike kwa sababu ya mutihani. Tulilishika. Lakini hakuna aliyeuliza: argyrion yao ilitoka katika shimo gani, na nani alishuka kuichimba? Sisi watoto wa kambi ya migodi, ni sisi tungepaswa kuuliza wa kwanza.

Shimo lile lina jina: Laurion. Leo Wagriki wanasema Lavrio. Ni pembeni ya bahari, kusini-mashariki ya Athene, karibu kilometa 60. Udongo wake ni mubaya kwa kulima, na mvua ni haba. Lakini chini ya mawe muna risasi, ile metali nzito inayotiwa ndani ya batri za magari, na ndani ya risasi muna feza kidogo.

Watu wa zamani waliacha pale mashimo zaidi ya 2,000. Mengine yanashuka kupita meta 100, na yalikatwa katika jiwe gumu kwa nyundo na patasi tu. Hakuna baruti, hakuna mashini. Toka chini ya shimo walifuata madini kwa njia za pembeni, na nyingi za njia zile hazifiki meta moja kwenda juu. Mwenye kutumika mule hakusimama. Alipiga magoti, ao alilala kwa tumbo ao kwa ubavu, na kando yake taa ndogo ya udongo yenye mafuta ya zeituni. Moshi wa taa, vumbi ya jiwe, joto: wasomaji waliotumika chini hawahitaji niwaeleze.

Juu kulikuwa kazi ingine. Mawe yalipondwa, yakasagwa sawa unga, kisha yakaoshwa juu ya sakafu yenye kuinama kidogo. Maji yanachukua uchafu mwepesi, kitu kizito kinabaki. Na kwa sababu mvua ni haba, walichimba matangi makubwa wakayapaka chokaa isiyovuja, na maji yaliyokwisha kuosha yakakusanywa tena kwa kuosha mara nyingine. Mengine ya matangi yale yangali yanaonekana hata leo. Kisha tanuru. Katika tanuru ya mwisho walipuliza hewa juu ya risasi iliyoyeyuka, mpaka risasi ikageuka sawa kutu na kutengana, feza ikabaki peke yake inang'aa. Akili mingi, hatuwezi kukana.

Feza ile ilipigwa chapa: upande mumoja kichwa cha Athena, mungu wao wa kike, upande wa pili bundi, ndege wake. Watu waliziita hizo franga bundi. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba, watu hawalali. Kwao alikuwa ndege wa hekima. Euro moja ya Ugriki ina picha ya bundi yuleyule.

Walikuwa tena na hadisi zao juu ya mambo ya chini ya udongo. Mungu wa wafu aliitwa Hades, lakini watu waliogopa kutaja jina lile, wakapenda kumwita Pluton, toka neno ploutos, maana yake utajiri. Bwana wa wafu na bwana wa mali, ni mumoja. Mimi naona hadisi ile haikutungwa na mutu aliyekaa mbali na migodi.

Sasa tuje kwa ile inayoandikwa katika vitabu vya shule. Karibu mwaka wa 483 mbele ya Kristo, feza nyingi ilionekana kule kwa mara moja. Kitabu kimoja cha zamani kinataja talanta 100, na talanta moja ya Athene ni uzito wa kilo 26 hivi. Udongo ule ulikuwa wa serikali, basi raia wakakutana kwa kuamua. Shauri lilikuwa kugawanya: drakma 10 kwa kila raia. (Drakma ndiyo ile ya mama wa Luka 15, aliyefagia nyumba mpaka akaiona.) Hapo akasimama mutu mumoja, Themistokles, akasema hapana, tujenge mashua za vita. Athene ilikuwa na ugomvi na kisiwa cha jirani, Aigina, ndiyo sababu aliyoitoa. Wakamusikia. Mwaka wa 480, Wapersi walipokuja na jeshi kubwa, mashua zile ndizo zilisaidia kuwashinda katika maji ya Salamis.

Ni jambo la kusifu. Watu waliacha franga iliyokuwa karibu kufika mukononi. Tena waliulizwa wazi: mali ya chini ya udongo wetu tuifanyie nini? Katika inchi nyingi zenye migodi swali lile halijaulizwa hata leo. Lakini angalia ni nani aliinua mukono siku ile. Yule mwenye kulala kwa ubavu na taa yake hakuitwa. Alikuwa mutumwa.

Serikali iliuza ruhusa ya kuchimba kwa muda. Hesabu za namna ile, zilizoandikwa juu ya mawe, zimeokotwa katika Athene. Wenye kupata ruhusa walitafuta mikono, na matajiri wa muji waliikodisha. Xenophon anataja Nikias, jemadari na tajiri mukubwa. Nikias alikuwa na watu 1,000 migodini, akawakodisha kwa Sosias, mutu wa Thrakia, kwa oboli moja kwa siku, kwa kila kichwa. Chukueni kalamu. Oboli 6 ni drakma moja, drakma 6,000 ni talanta moja. Basi kila siku 36, talanta nzima ilimurudilia Nikias, naye hajashika nyundo.

Na mupatano wao ulikuwa na sharti: hesabu ya watu isipunguke. Akikosekana mumoja, Sosias ataweka mwingine pahali pake. Maneno yale niliyasoma mara mbili. Hayasemi mutu anaweza kukosekana kwa njia gani, wala jina lake. Yanasema tu hesabu ijae.

Kwa macho ya wenzake Nikias hakuwa mutu mubaya. Alitoa sadaka nyingi kwa miungu, alilipia sherehe za muji. Plutarkhos anaandika kwamba aliweka muaguzi nyumbani mwake. Mbele ya watu ilikuwa kwa ajili ya mambo ya serikali, lakini zaidi alimuuliza mambo yake mwenyewe, na kupita yote habari za migodi yake ya feza. Baba na mama, mutu wa namna ile tunamufahamu, hata bila kusoma Kigriki.

Watu wadogo wa Ugriki walikula nini? Chakula chao kilikuwa maza: unga wa shayiri unaokandwa na maji, bila kuokwa. Ni sawa bukari isiyoona moto. Na kama vile bukari inatafuta mboga, maza ilitafuta opson: zeituni, kitunguu, jibini, na kwa mwenye bahati, samaki. Toka opson likatoka opsarion, neno la Yoane 6 juu ya wale samaki wawili wa kijana mwenye mikate ya shayiri. Leo Mugriki anasema psari. Wazee wa Kasenga labda walilisikia, kwa maana wakati wa Wabelgiji Wagriki ndio walinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka Elisabethville, kulisha watu wa migodi ya shaba.

Turudi kwa Nikias. Mwaka wa 413 Wasparta waliteka Dekeleia, kaskazini ya Athene, wakajenga ngome. Thukydides anasema watumwa zaidi ya 20,000 walikimbia, wengi wao wenye kazi za mikono. Wataalamu wengi wanaona kati yao walikuwamo watu wa Laurion. Kazi ya feza ikalegea, na miaka saba nyuma yake Athene ikapiga franga za shaba zilizopakwa feza juu. Ndiyo, shaba.

Mwaka uleule wa 413 Nikias alikuwa Sisilia na jeshi, mbele ya muji wa Sirakusa. Vita ilikuwa mbaya, wakataka kurudi. Usiku mwezi ukapatwa. Waaguzi wakasema wangoje siku 27, Nikias akakubali. Katika kungoja, mashua zao zikashindwa, njia ikafungwa. Nikias akashikwa, akauawa. Wafungwa si chini ya 7,000 wakatiwa ndani ya mashimo ya kuchimbia mawe, bila paa, jua muchana, baridi usiku, maiti kati yao. Kwa miezi 8 mutu alipewa kwa siku maji karibu robo ya lita, na nafaka karibu nusu lita. Kati yao walikuwa raia wa Athene, wale wa kuinua mukono.

Laurion ilifunguliwa tena zamani zisizo mbali. Mwaka wa 1864 Muitalia mumoja, Serpieri, alikuja kuyeyusha vilima vya takataka vilivyoachwa na wale watu wa kale, kwa sababu risasi na feza zilibaki ndani. Watu wa Likasi na Kolwezi wanajua biashara ya namna ile. Ugomvi ukatokea: vilima ni vya kampuni ao vya serikali? Kisha ikaja kampuni ya Wafaransa. Mwaka wa 1896 wachimbaji waligoma, na damu ikamwangika. Leo tanuru zimezimwa, na majengo ya Wafaransa yamekuwa pahali pa masomo na maonyesho.

Lakini udongo ungali na risasi. Miaka ya 1980 waganga walipima damu ya watoto wa Lavrio, wakakuta risasi ndani yake kupita kiasi. Watoto wale hawakushuka shimoni hata siku moja.