Pikapu Haivuti Mlimani? Angalia Inapotoa Hewa

Vijana, leo tuache miche kidogo, tuongelee pikapu inayobeba mzigo wenu. Juzi nilipanda na moja kutoka Mombo kwenda Lushoto, tumepakia mbolea. Kabla ya Soni ikawa haivuti, gia ya kwanza tu. Tukafungua boneti: mwenyewe alishang'oa boksi la chujio la kiwandani, akafunga chujio la wazi la dukani, nalo limekaa nyuma ya rejeta linavuta joto tupu la injini.

Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Oksijeni ikipungua, na nguvu inapungua.

Fundi atoe bomba linalostahimili joto nyuma ya grili, sehemu ya juu, alifikishe kwenye chujio, kisha akinge chujio kwa bati upande wa injini. Mdomo wa bomba usikae chini kwenye bampa! Masika barabara za mashambani Muheza zinajaa madimbwi, na injini ikivuta maji imekufa.

Boksi la zamani unalo bado? Mimi ningelirudisha tu. Lina njia yake ya hewa ya nje, na vumbi la kiangazi linalizuia vizuri zaidi.