Wabunge wa chama kimoja wakigombea viti vya kamati, mkulima wa Makongolosi anapata nini?

UKITAKA kukodi Fuso kubeba mazao kutoka vijiji vinavyoizunguka Makongolosi, wilayani Chunya, dereva atakuuliza kwanza kama mzigo uko karibu na lami au uko ndani. “Ndani” maana yake ni barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na bei hupanda hapo hapo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ana magunia 100 ya mahindi. Kama ubovu wa barabara unaongeza Sh2,000 tu kwa kila gunia, hiyo ni Sh200,000 kwa safari moja. Mwenye gari hailipi, na mfanyabiashara naye ataikata kwenye bei anayompa mkulima. Anayelipia tope, mwisho wa hesabu, ni mwenye shamba.

Ndiyo maana habari za wabunge kugombea viti vya kamati huko Dodoma haziwahusu wanasiasa peke yao.

Chama kimoja, mafungu tofauti

Tangu uchaguzi wa 2020, karibu majimbo yote yamekuwa mikononi mwa CCM. Katika hali hiyo, ushindani wa kugombea fedha uko zaidi kati ya mbunge na jirani yake, wote wamevaa kijani, kila mmoja akitaka fungu liende kwake.

Kamati za kudumu za Bunge ndipo mafungu hayo yanapochambuliwa. Spika huwapanga wabunge katika kamati, kisha wajumbe wenyewe humchagua mwenyekiti na makamu wake. Muda wao ni miaka miwili na nusu, yaani nusu ya uhai wa Bunge. Kamati hupitia makadirio ya wizara kabla ya mkutano wa bajeti, ambao huanza Aprili na kumalizika Juni. Mjumbe wa kamati huziona namba mapema na kuzihoji. Asiyekuwa mjumbe husubiri dakika zake chache ukumbini, au “hushika shilingi” ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Waswahili husema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Na nyama yenyewe imeongezeka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa Sh bilioni 294 mwaka 2021/22, ikapanda hadi Sh bilioni 954 mwaka uliofuata. Skimu ya umwagiliaji au ghala ni lazima vijengwe mahali fulani, na kila mbunge anataka mahali hapo pawe jimboni kwake.

Somo la Escrow

Wasomaji wa Chunya wana somo la nyumbani. Mwaka 2014 mwenyekiti wa Kamati ya Nishati na Madini alikuwa Victor Mwambalaswa, Mbunge wa Lupa, jimbo lenye Makongolosi. Kwa wilaya ya dhahabu, hicho hakikuwa kiti kidogo.

Novemba mwaka huo, Kamati ya Hesabu za Serikali iliwasilisha taarifa yake kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow. Mwenyekiti wake alikuwa Zitto Kabwe wa upinzani, lakini makamu alikuwa Deo Filikunjombe, Mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM, kutoka mkoa wa Njombe hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Katika maazimio yake, Bunge lilitaka wenyeviti watatu wa kamati waondolewe: Andrew Chenge wa Bajeti, William Ngeleja wa Katiba na Sheria, na Mwambalaswa. Wote watatu walikuwa wa CCM. Mwanzoni mwa 2015 viti hivyo vikapata wenyewe wapya.

Sina nia ya kurudia sakata hilo. Ninachotaka mkulima aone ni mambo mawili. Kwanza, wabunge wa chama kimoja wanaweza kubanana kwa faida ya umma, na hiyo ndiyo kazi ya kamati. Pili, kiti cha kamati si hati ya shamba. Julai 2012, Spika Anne Makinda aliivunja kamati hiyo hiyo ya Nishati na Madini kutokana na tuhuma za rushwa. Machi 2016, Spika Job Ndugai aliwahamisha wabunge kadhaa kutoka kamati moja kwenda nyingine. Wilaya iliyoweka matumaini yake yote kwenye kiti cha mtu mmoja inaweza kuamka asubuhi haina kitu.

Fomula nayo ina siri

Zipo fedha ambazo hazihitaji kisu, kwa sababu zinagawanywa kwa fomula. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, hugawanywa hivi: katika kila Sh100, Sh25 ni mgao sawa kwa majimbo yote, Sh45 hufuata idadi ya watu, Sh20 kiwango cha umaskini, na Sh10 tu ukubwa wa eneo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo jimboni.

Hapo ndipo jimbo kama Lupa linapoumia. Chunya ina takriban kilomita za mraba 13,000, vijiji vimetawanyika, na barabara za ndani ni ndefu. Mwaka 2021 Serikali ilipotoa Sh milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini chini ya TARURA, jimbo dogo la mjini na jimbo kubwa la porini yalipata sawa.

Na mgao sawa humpa faida aliyegawanywa. Mwaka 2025 yalipoongezwa majimbo manane, Mbeya Mjini iligawanywa na jimbo la Uyole likazaliwa. Jiji lile lile sasa lina haki ya mafungu mawili ya mgao sawa. Lupa imebaki na fungu moja.

Barabara isiyo na mbunge

Lami kutoka Mbeya ilikuja kwa vipande: Mbeya–Lwanjilo kilomita 36, Lwanjilo–Chunya kilomita 36, na Chunya–Makongolosi kilomita 39, kipande kilichozinduliwa 2022. Barabara inayoendelea hadi Mkiwa kupitia Rungwa na Itigi ina kilomita zipatazo 412. Hiyo inapita kwenye majimbo kadhaa na kuvuka mpaka wa mkoa. Kila mbunge akidai kazi ianzie mlangoni kwake, fedha kidogo iliyopo itagawanywa kwenye vipande visivyokutana, na lori la tumbaku au mahindi halifaidiki na lami inayoishia porini. Barabara ya namna hii inahitaji wabunge wa Mbeya na Singida wakubaliane mpangilio mmoja kabla ya kuingia kwenye kamati.

Mkulima afanye nini?

Kwanza, ajue mbunge wake yumo kamati gani na muda wake unaisha lini. Pili, mkutano wa AMCOS au wa wafanyabiashara wa soko uandike hoja moja yenye hesabu: barabara ipi, magunia au marobota mangapi hupita, nauli ya kiangazi na ya masika. Ifike kwa mbunge na kwenye kamati husika ifikapo Februari, kwa sababu Juni namba zimekwisha fungwa. Tatu, mwisho wa mwaka aombe kuonyeshwa matumizi ya Mfuko wa Jimbo, mradi kwa mradi.

Mbunge anayekwenda Dodoma na hesabu ya nauli kutoka kwa wapiga kura wake ana hoja hata kama amekosa uenyekiti. Hesabu hiyo anayo mkulima na mwenye Fuso, na kuiandika hakuhitaji kiti.