Safari ya Tembo na ya Pipa la Bia

Mizigo mingi ukiifunga vema hukaa kama ulivyoifunga. Gunia la mihogo likitoka Kisarawe asubuhi, likifika Dar es Salaam ni gunia lile lile. Labda limepungua kwa mkono wa mtu, lakini tabia yake haikugeuka. Kileo sicho hivyo. Kileo ni mzigo ulio hai, nao hufanya kazi yake njiani, mwenyewe akiwa amelala juu ya lori. Twataka leo kueleza kwa nini ni hivyo, na ifanyweje.

Nasi hatusemi hapa habari ya kunywa wala ya kutokunywa. Wasomaji wetu wengi dini yao imewakataza kileo, nasi twawaheshimu. Lakini hata asiyekionja huweza kuketi karibu nacho ndani ya basi. Sisi wenyewe siku moja tulikuwa safarini kutoka upande wa Maneromango, na chini ya kiti cha mbele palikuwa na dumu la tembo, limefungwa kwa kifuniko kilichokazwa kwa nguvu, na juu yake pameviringishwa mpira. Jua lilikuwa kali na njia mbaya. Kabla hatujafika Kisarawe mjini kifuniko kiliruka kwa mlio kama wa bunduki, kikagonga dari, na tembo likamwagika juu ya unga wa watu na kanzu ya mzee mmoja aliyekuwa akienda msikitini. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto karibu na pale; kifuniko kilipita mbele ya uso wa mtoto. Mwenye dumu aliapa kwamba alilifunga vizuri sana. Kweli alilifunga vizuri sana, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Yafaa tuanze juu mnazini. Mgema hupanda na kotama yake, akakata ncha ya karara ambalo bado halijafunguka, akalifunga kamba, akatundika kibuyu chini yake. Maji yatokayo pale ni matamu, hayana ukali hata kidogo. Ni sukari ya mti iliyo katika maji. Lakini kibuyu cha jana hakikosi mabaki, na hewani hamkosi chachu. Chachu ni vitu vyenye uhai, vya jamii ya kuvu, vidogo hata macho hayawezi kuviona. Chakula chao ni sukari. Wakiipata huila, na katika kuila hutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya ukaa, yaani hewa ile ile tuitoayo puani. Ndiyo maana tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na kibuyu hutoa povu hata kabla hakijateremshwa. Ulanzi wa Iringa, utokao katika mianzi, una tabia hiyo hiyo.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Tuchukue lita 1 ya tembo yenye gramu 100 za sukari. Sukari hiyo ikiliwa yote, yapata nusu ya uzito wake hugeuka kileo, na nusu hugeuka hewa ya ukaa. Nusu hiyo ya pili, ikiachwa huru katika joto la pwani yetu, hujaza nafasi ya lita 25 na zaidi. Basi dumu la lita 20 laweza kuzaa lita 500 za hewa! Hakuna mpira wala kifuniko cha kuzuia jambo hilo. Mwenye kukaza kifuniko hakuzuia kitu. Ameahirisha tu, tena amekusanya nguvu zote mahali pamoja. Dumu la plastiki huvimba kwanza, na huko kuvimba ni onyo. Chupa ya kioo haivimbi. Hupasuka mara moja, na vipande vyake havichagui mtu. Tembo bichi katika chupa ya kioo iliyozibwa ni jambo ambalo twalikataza bila kusitasita.

Mtu atasema, basi nitaliacha wazi. Hapo ataingia katika hasara nyingine. Tembo likipata hewa ya nje kwa wingi, huingiliwa na vijidudu vya namna nyingine, na hao hugeuza kileo kuwa siki. Siki ni kitu chema katika kachumbari, lakini mnunuzi wa Dar es Salaam hakuagiza siki. Husemwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi twaongeza kuwa hata mgema mwaminifu, asiyelitia tone la maji, aweza kulaumiwa kwa kosa la safari.

Njia iliyo salama ni ya katikati, na wazee waliijua kabla ya sisi kuijua sababu yake. Walikiziba kibuyu kwa makumbi ya nazi, yaliyoshindiliwa bila kukazwa. Hewa ya ndani hupenya ikatoka, vumbi na nzi hawaingii. Tena hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala juu ya tembo kama blanketi na kulikinga lisiwe siki upesi. Lakini blanketi hilo hukaa maadamu chachu ingali inafanya kazi na chombo hakikufunuliwafunuliwa. Kila mtu akifunua ili aonje, blanketi limeondoka.

Chombo kisijazwe, robo yake iachwe kwa ajili ya povu. Kisafirishwe usiku au alfajiri, kwa kuwa joto huharakisha chachu, na kama ni lazima kisafiri mchana, kifunikwe kwa gunia bichi: maji yanapokauka huondoa joto. Kabla ya hayo chombo kioshwe kwa maji ya moto, kwani masimbi ya jana ndiyo chachu ya leo. Na dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kuua wadudu wa mikorosho lisitiwe tembo kamwe, hata likioshwa mara kumi. Plastiki hunywa vitu hivyo na kuvitoa baadaye.

Bia ya kiwanda ina mambo mengine. Safari yake huenda kinyume cha ile ya tembo: yatoka Dar es Salaam, ambako kiwanda kilianza mwaka 1933, ikapita Kimara na Kibamba hadi Kibaha, au ikapita Pugu hadi Kisarawe. Katika bia hiyo chachu imekwisha kazi na kuondolewa, na mara nyingi bia imepashwa moto kwa namna aliyoifundisha Mfaransa Louis Pasteur, ambaye mwaka 1876 alitoa kitabu chake juu ya bia. Kwa hiyo katika pipa la chuma, ambalo watu wa mjini huliita kegi, haizaliwi hewa mpya. Iliyomo ni ile iliyotiwa kiwandani, kama lita 2 na nusu kwa kila lita ya bia.

Je, pipa hilo halina hatari? Inayo, kwa sababu ya joto. Bia baridi huishika hewa. Bia ya moto huiachia. Pipa lililokuwa na baridi ya digrii 4 likipata joto la digrii 30, nguvu iliyo ndani huongezeka yapata mara tatu, hata ikalingana na upepo wa gurudumu la motokaa au kuupita. Chuma chake kimetengenezwa kuvumilia hayo. Mkono wa mtu haukutengenezwa hivyo. Ndani ya pipa mna bomba refu lifikalo chini, limeshikwa na vali iliyo juu. Mtu akiilazimisha vali kwa bisibisi, bomba hilo hurushwa kama mkuki. Twawaambia hasa vijana wanaookota vyuma chakavu: pipa lisikatwe wala kufunguliwa, hata likionekana tupu. Tena ni mali ya kiwanda.

Pipa la lita 50 lililojaa lina uzito wa kilo 60 na zaidi. Mapipa ya zamani ya mti yalikuwa na tumbo lililotokeza, na si kwa urembo: pipa likilala hugusa ardhi mahali padogo tu, na mtu mmoja aweza kulivingirisha na kuligeuza apendako. La chuma lisafiri wima, limefungwa kamba, kivulini. Likifika arusini Mzenga baada ya kurukaruka njiani, mwenye haraka akafungua, atapata povu tupu na aibu mbele ya wakwe. Lifike siku moja kabla, litulie, lizungushiwe barafu. Lita 50 zilizo moto hazipoi kwa saa moja. Likitolewa kwa pampu ya mkono, ile iingizayo hewa ya kawaida, limalizwe siku ile ile.

Tuseme pia kwamba zaidi ya sehemu 90 katika 100 za bia ni maji. Kuipeleka Mwanza kutoka Dar es Salaam ni kubeba maji kilomita elfu na zaidi hadi kando ya ziwa! Ndiyo maana vikajengwa viwanda Mwanza, Arusha na Mbeya. Kibaha na Kisarawe hazina haja hiyo, ziko karibu. Kwao lililo gumu ni kurudisha mapipa matupu. Dumu la tembo hurudi kijijini kwa baiskeli siku ile ile, kwa kuwa mgema alihitaji kesho alfajiri.