Ukuta wa Kalenga

Kalenga iko bondeni mwa mto Ruaha Mdogo, mwendo wa maili 9 hivi kutoka mjini Iringa. Wanafunzi waendao huko mara ya kwanza hutazamia kuona ukuta mkubwa, nao huona majani, mashamba na nyumba za watu. Masalio ya boma lenyewe ni machache.

Boma hilo liliitwa Lipuli, nalo lilikuwa la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alianza kulijenga katika miaka ya 1880, baada ya vita vikali na Wangoni. Ukuta wake ulikuwa wa mawe na udongo, kimo chake futi 12 hivi. Kwa Kihehe boma ni lilinga, na jina la Iringa limetokana na neno hilo.

Ukuta wa namna hiyo uliweza kumzuia adui mwenye mkuki na ngao. Lakini adui wa namna nyingine alikuwa njiani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani, na mkuu wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani hawakusahau. Walirudi na mizinga, wakalipiga boma kutoka mbali, na tarehe 30 Oktoba 1894 askari wa gavana von Schele wakaingia ndani. Wahehe walipigana nao nyumba kwa nyumba, Mkwawa akaponyoka. Husimuliwa kwamba jina la Tosamaganga, kilima kilicho karibu, ni ukumbusho wa siku zile, kwa maana ni kutupa mawe.

Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha Yoshua hukumbuka mara moja Yeriko, mji wa nchi kavu yenye joto katika bonde la Yordani, ambao kuta zake zilianguka. Lakini fikira hiyo ni nyepesi mno. Mwenye kuifuata atafika kusema ya kuwa Wahehe walistahili kuangushwa, na ya kuwa mwenye mzinga ndiye mwenye haki. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watatajwa watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Yesu aliuliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, naye akajibu kwamba sivyo. Kwa hiyo ukuta ulioanguka, peke yake, hautoshi kuwa hukumu juu ya waliokaa ndani yake.

Aliye karibu zaidi na mtu azuruye Kalenga ni Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakusema neno kwanza. Alitoka usiku, akazitazama kuta zilizobomoka, hata mahali pengine mnyama aliyempanda hakupata njia ya kupita. Baadaye ukuta ule ulijengwa upya kwa siku 52, watu wengine wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta wa Kalenga haukujengwa tena. Wajerumani waliujenga mji wao juu ya kilima, na huo ndio Iringa ya leo.

Mkwawa aliendelea kupigana porini hata alipokufa Mlambalasi, tarehe 19 Julai 1898, bila kukubali kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Yusufu aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake kutoka Misri, nayo ikazikwa Shekemu; Mkwawa hakuulizwa neno. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini miaka 35 ilipita. Gavana Edward Twining alilichagua kwa vipimo kati ya mafuvu mengi katika makumbusho ya Bremen, akalikabidhi kwa Wahehe mwaka 1954. Sasa limo ndani ya kioo katika jumba dogo la makumbusho hapo Kalenga. Wanafunzi waliokuwa wakipiga kelele penye magofu, wakiingia humo, hunyamaza bila kuambiwa.