Makamasi wakati wa mazoezi si lazima yawe mafua

ANAYEKIMBIA alfajiri katika fuo za Malindi au Kilifi huenda akatokwa na makamasi mepesi punde anapoanza kutweta, akadhani ameshikwa na mafua.

Kazi ya pua ni kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kunasa vumbi. Mtu anapokimbia huvuta hewa nyingi zaidi, nayo pua hutoa ute zaidi. Wenye mzio huathirika zaidi wanapopita penye moshi, chavua au vumbi la barabara zisizo na lami.

Tiba nyepesi ni kuosha pua kwa maji ya chumvi kabla na baada ya mazoezi: nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima au mfereji yasiyochemshwa yasitiwe puani, kwani yaweza kuwa na vijidudu hatari.

Hata hivyo, makamasi yakiandamana na kubanwa kifua, kukohoa au pumzi yenye mlio kama wa filimbi, huenda hiyo ni pumu. Mwenye dalili hizo asijikaze kisabuni. Asimamishe mazoezi na kumwona daktari.