Kuyeyuka na Kumumunyika: Mabadiliko Mawili ya Maada
Katika Kiswahili cha kila siku, barafu huyeyuka juani na chumvi huyeyuka majini. Mazungumzo hayadhuriki kwa hilo, bali somo la kemia hudhurika. Barafu inapoyeyuka, maada ni moja tu: joto hulegeza molekuli za maji zilizoshikana, na yabisi huwa kimiminika katika nyuzijoto 0 za Selsiasi. Chumvi ya mezani haiyeyuki kwa maana hiyo hadi ifikie nyuzijoto 801, joto lisilopatikana katika sufuria ya jikoni. Kinachotokea majini ni jambo jingine: molekuli za maji huzizingira ioni za sodiamu na za kloridi, huzitenganisha na kuzitawanya. Hakuna kilichopotea, gramu 10 za chumvi katika gramu 100 za maji hutoa gramu 110 za mmumunyo. Mwanafunzi aliyepewa neno moja hudhani, na si kosa lake, kwamba chumvi imegeuka maji. Lugha haina upungufu hapa, kwani kitenzi kumumunyika kimo tayari. Wavunaji chumvi wa pwani nao huuona ushahidi kila kiangazi: jua huyafukuza maji, chumvi hubaki sakafuni mwa mabwawa.