Nilimsahihisha rafiki, nikampoteza

Milima haikutani, walisema wahenga, lakini binadamu hukutana. Methali hii aghalabu hutajwa kwa furaha. Mimi niliikumbuka kwa hofu, nimesimama katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mnamo Agosti 2024, nikimlaki mtu ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa miaka 13. Sikuhofu kwamba tusingetambuana. Nilihofu lugha ambayo angenisalimia nayo.

Tulijuana Bayreuth, mji mdogo wa jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Wapenzi wa muziki huujua kwa jumba la opera la Wagner lililofunguliwa mwaka 1876. Sisi wanaisimu tunaujua kwa sababu nyingine: chuo kikuu chake hufundisha lugha za Kiafrika, na Kongamano la Kiswahili limekuwa likifanyika huko tangu miaka ya 1980. Mimi nilikwenda 2008 kusomea shahada ya uzamifu. Yeye alitoka Lubumbashi, akiandika tasnifu ya historia kuhusu wachimba migodi wa shaba. Vyumba vyetu vya bweni vilipakana.

Aliyeishi ughaibuni atanielewa nikisema kwamba theluji ya kwanza huwafanya watu kuwa ndugu. Yeye alisonga bukari, ndio ugali wetu, kwa unga wa mahindi wa Kiitaliano kwa kuwa hatukuona mwingine, nami nikakaanga kabeji. Tulikula tukizungumza hadi usiku wa manane, mimi kwa Kiswahili changu cha vitabuni, yeye kwa Kiswahili chake cha Katanga. Alisema “batoto” kwa watoto, “bintu” kwa vitu, “katoto” kwa mtoto mdogo, na asubuhi alipobeba mkoba wake alikuwa akienda “ku masomo”. Faraghani nilikipenda Kiswahili hicho. Hadharani mambo yalikuwa mengine.

Siku moja ya mwaka 2009 sisi wanafunzi tulikutana kusomeana kazi zetu. Aliamua kuwasilisha yake kwa Kiswahili, ijapokuwa Kifaransa chake kilikuwa cha kupigiwa mfano. Hakupita ukurasa wa tatu. Niliinua mkono nikamsahihisha: si batoto, ni watoto, si bintu, ni vitu. Wenzetu wakacheka, Wajerumani kwa Waafrika. Nami nikacheka. Alizikunja karatasi zake taratibu, akaendelea kwa Kijerumani hadi mwisho.

Tangu siku hiyo hakunisemesha Kiswahili tena. Hakuninunia, la. Alinikaribisha mezani kama kawaida, akaniuliza hali ya wazazi, hata akanipeleka kwa daktari nilipougua, lakini yote hayo kwa Kijerumani. Kwa miaka miwili, Waafrika wawili wenye lugha moja ya Kiafrika vinywani mwao waliombana chumvi kwa lugha ya wenyeji wao. Niliondoka mwaka 2011 bila ya kulitaja jambo hilo.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mama aliyetuuzia mboga sokoni alisema Kijerumani cha Franconia, ambacho hakitofautishi sana p na b, wala t na d, kama kile cha vitabuni. Nilikuwa nikirudi chumbani mbio kuyaandika matamshi yake daftarini, kwa heshima kubwa. Yake niliyaita lahaja. Ya rafiki yangu niliyaita makosa.

Mwalimu mwenzangu, tuitazame historia kidogo. Kiswahili kilifika Katanga na misafara ya karne ya 19, wakati Msiri akitawala kutoka Bunkeya. Kisha kampuni ya Union Minière ikaundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawa lugha yao ya mgodini, hatimaye ya nyumbani. Waliokisanifisha Kiswahili walikuwa kwingine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, na kamati iliyoundwa 1930 ilizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Nilimhukumu mtu kwa sheria za kikao ambacho babu zake hawakualikwa.

Isitoshe, wanaisimu wanapokirejesha Kibantu cha kale, kiambishi cha wingi wa watu wanachokiandika ni ba-, wala si wa-. Na ka- ya udogo, ambayo wingi wake ni tu-, wangali nayo Wakikuyu na Wakamba. Vijana wetu wa Nairobi wanaosema “kagari” wanaitumia kila siku. Haya yote niliyajua mwaka 2009. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani.

Sisemi kwamba tutupe kalamu nyekundu. Mwanafunzi akiandika “batoto” katika insha ya mtihani nitamkata alama leo na kesho, kwa kuwa sanifu ndiyo tuliyoagana. Lakini rafiki yangu hakuwa akifanya mtihani wangu.

Basi akatokea pale uwanjani, nywele zimeingia mvi, akanikumbatia. “Hujambo, ndugu yangu? Ni miaka mingi hatujaonana.” Kiswahili sanifu, kila neno limepigwa pasi! Ilinipasa nifurahi. Badala yake nilimsikia mtu anayenyata katika nyumba isiyo yake. Siku mbili nzima alizungumza hivyo, akisita katikati ya sentensi kutafuta upatanisho wa ngeli.

Jioni ya pili alipiga simu kwao. Mlangoni pakapenya Kiswahili chake chenyewe, cha mbio na vicheko: batoto, bantu, bintu. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mumias, aliinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai. “Huyu mgeni ni wa kwetu?” akaniuliza. Kwetu watoto ni abaana, na watu ni abandu. Mimi, mwana wa ba-, ndiye niliyeicheka ba- ya mwenzangu.

Usiku huo nilimwomba radhi. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwa Kijerumani kwamba yamekwisha, akacheka peke yake. Sikujua kama nami nicheke. Baadaye, kwa Kiswahili, na safari hii bila ya pasi, aliniambia jambo ambalo sikulijua. Tasnifu yake ilikuwa na kiambatisho cha masimulizi ya wazee wa migodini, baba yake akiwa mmoja wao, yameandikwa kama walivyoyatamka. Baada ya siku ile alikiondoa. Ilibaki tafsiri ya Kifaransa tu. Baba yake alifariki mwaka 2015.

Kanda anazo bado. Mwezi uliopita alinitumia nakala ya sauti ya kwanza, dakika 40, mzee akieleza jinsi alivyoshuka mgodini mara ya kwanza. Nimeanza kuinukuu usiku, nikishamaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, na kila ba- naiandika ba-.